Kilo Sitini na Moja

6 Juni

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua bahasha hii utaitazama nyuma, kisha mbele, kisha utajiuliza nani amekufa. Hakuna aliyekufa. Mama hajambo, goti lake limepona isipokuwa anapoombwa apande ngazi kumchukulia mtu kitu. Mimi bado niko duka la dawa, nahesabu vidonge, na lile jina la Kidonge ulilonipa nikiwa na miaka minne limenifuata mpaka kazini. Ni miaka tisa tangu uondoke nyumbani na nimekuandikia mara tatu tu. Kosa ni langu, nisamehe.

Ninayekuandikia kwa ajili yake ni baba, ingawa hajui. Macho yake yanaharibika. Ni presha ya macho, daktari anasema, na imegunduliwa kwa kuchelewa. Ikifika mwisho wa mwaka huenda atakuwa anaona vivuli tu. Fundi saa asiye na macho unamjua atakuwaje. Siku hizi pale kibandani kwake chini ya ngazi anatafuta skrubu kwa ncha za vidole, na mtu akiingia anajifanya anapangusa meza. Hajalalamika hata siku moja. Ameomba jambo moja: alione lile gari dogo jekundu likizunguka koni, raundi moja safi bila kuangusha hata moja, angali na macho. Nikasema nitaliendesha mimi. Mashindano ya kufunga mwaka ni tarehe 25 Novemba, kwenye uwanja uleule wa lami nyuma ya soko la jumla.

Sasa tatizo. Baba ameshindana nalo kila mwaka tangu uondoke na hajashinda hata mara moja. Nimelitoa gari chini ya turubai, nikalisafisha, nikatoa takataka zote ili liwe jepesi: jeki, tairi la akiba, zulia, mfuko wa mchanga, makopo ya oili. Injini nzuri, breki nzuri. Nikikata kona ya kulia linageuka kama linajua niendako. Nikikata ya kushoto, tairi la nyuma la kushoto linazunguka bure, linalia, na gari linagoma kutoka pale. Kila mara naangusha koni, na kila koni ni sekunde mbili za adhabu. Nilimuuliza baba. Akanijibu, "Mimi ni dereva tu. Aliyelipanga hayupo." Kisha akaomba chai.

Aliyelipanga ni wewe. Springi, shokapu, kila kilicho chini ya gari lile ni kazi ya mkono wako. Nisaidie, shangazi. Nimekupigia simu mara nyingi, inaita mpaka inachoka.

Mwanao,
Kidonge


27 Juni

Mwanangu Kidonge,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikimtafuta marehemu. Simu sipokei kwa sababu simu naweza kuikata kwa hasira, na nimekwisha kukata watu wengi kwa njia hiyo. Barua haikatiki. Isitoshe, vipimo vya kwenye simu husahaulika. Vya karatasi nitavibandika ukutani.

Mimi niko palepale, karakana ya mabasi, nanyoosha magurudumu ya mabasi yaliyopita kwenye mashimo ambayo dereva anaapa hakuyaona. Chumba changu kiko juu ya stoo ya matairi. Kinanuka mpira, lakini kina dirisha kubwa na hakuna anayenifokea. Mama yako mwambie goti lake nimelisikia, na ngazi nazo azipe pole.

Tuje kwenye gari. Springi usiziguse. Watu wakiona gari halikati kona wanakimbilia spana, kumbe kosa liko kwenye upepo. Tafuta chaki nyeupe. Piga mistari mitatu kwenye bega la kila tairi, pale uso wa tairi unapokutana na ubavu. Endesha raundi tatu, ushuke utazame. Chaki ikifutika mpaka ubavuni, upepo ni mdogo na tairi linalala. Isipofutika kabisa, umejaza mno. Inatakiwa ifutike mpaka ukingoni na kukoma hapo. Andika kila tairi peke yake, usinipe wastani. Wewe humpi mgonjwa wastani wa dawa.

La pili: koni zitazame kwa macho, lakini gari lisome kwa makalio. Usicheke. Kabla tairi halijateleza, kiti kinakuambia, na asiyekisikiliza kiti husikia koni. Nilimfundisha mtu mmoja hivyo, akawa bora kuliko mwalimu wake.

Shangazi yako


18 Julai

Shangazi,

Shikamoo tena. Mama amefurahi, amesema hata kwa barua ulimi wako haujapata kutu. Goti lake umelitaja. Ya macho hukuuliza, lakini nitakuambia hivyohivyo: baba anatiwa matone mara tatu kwa siku na mimi ndiye ninayemtia, kwa sababu mwenyewe anayamwaga shavuni. Wiki iliyopita alimrudishia mteja saa ambayo mshale wa dakika alikuwa ameuweka mahali pa ule wa saa. Mteja alicheka. Baba naye alicheka, kisha akafunga kibanda mapema.

Chaki nimeipaka. Mbele nilikuwa nimejaza mno, nimepunguza mpaka ikakomea ukingoni kama ulivyosema. Nyuma kulia nako sawa. Tairi la nyuma kushoto ndilo gumu: chaki imefutika nusu tu hata nilipopunguza upepo, kana kwamba halina kazi. Kona ya kulia sasa ni tamu. Ya kushoto ni ileile, linazunguka, linalia, na mimi karibu nilie nalo.

Jumapili zote baba anakuja uwanjani. Anakaa juu ya matairi ya zamani na ile saa yake ya kupimia mbio mkononi. Alinisikia nikikwaruza chaki akauliza ni mistari mingapi. Nikasema mitatu. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema nimesoma mahali. Akatabasamu, na ilikuwa imepita siku nyingi sijamwona akitabasamu.

Nimemdanganya baba yangu kwa ajili yako. Naomba ujibu upesi.

Kidonge


12 Agosti

Mwanangu,

Hamjambo nyote. Mimi niko salama, isipokuwa basi moja liliniangukia kidole, nacho kimekuwa cheusi kama zeituni. Hakijafa. Ndiyo maana mwandiko umelala.

Mambo ya macho yaachie madaktari. Mimi ni fundi wa chini ya gari.

Kama upepo ni sawa na bado tairi moja halina kazi, basi halijapewa uzito wa kutosha. Gari ni kama stuli ya miguu minne: mguu mmoja ukiwa mfupi, stuli haianguki, ila inakaa juu ya mitatu na wewe unadhani sakafu ndiyo mbovu. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na gari lile liliundwa kwa mizani. Kila springi inabebwa na pete ya kuzungusha. Ukipandisha pete, pembe ile ya gari inabeba zaidi, na pembe inayoitazama kwa mshazari inabeba zaidi pia. Niliziwekea alama ya rangi nyeupe nilipomaliza. Tazama kama alama bado zimekutana.

Halafu azima mizani nne za kupimia magunia. Hakikisha zote zinasema kitu kimoja. Zipange kwa pima maji zilale sawa, iliyo chini uitegeshee vigae. Weka gari juu, na kwenye kiti cha dereva weka uzito sawa na wako, maana gari halishindani likiwa tupu. Niandikie namba nne. Usikadirie.

Shangazi yako


3 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Kidole pole. Kiloweke maji ya chumvi ya vuguvugu, na ukucha usiung'oe mwenyewe, nakujua.

Mizani nimezipata, mbili ghala la simenti na mbili kwa wauza nafaka, na nimesaini karatasi nyingi kuliko siku niliyoajiriwa. Nilisimama juu ya kila moja kuihakikisha. Zote zilisema sitini na moja, kwa hiyo mizani ni nzima na mimi nimenenepa. Alama zako nyeupe zimekutana zote nne. Hakuna aliyezigusa tangu wewe.

Nilihitaji uzito wa kilo sitini na moja kwenye kiti cha dereva ili niweze kushuka na kusoma namba. Nikaukumbuka ule mfuko wa mchanga niliokuwa nimeutoa. Nikaupima. Shangazi, nao una kilo sitini na moja kamili. Nikaona bahati gani hii, nikauburuta mpaka kiti cha kulia. Ni mfuko wa turubai, umeshonwa kwa mkono, mshono mbaya kabisa, uzi juu ya uzi. Nilipoutoa mwezi wa tano ulikuwa umekaa kiti cha kushoto, umefungwa mkanda kama abiria.

Hizi namba zako: mbele kushoto 255, mbele kulia 274, nyuma kushoto 233, nyuma kulia 259.

Baba aliingia nikiwa naandika. Alipapasa kiti cha kushoto akakuta hakuna kitu. Akaniuliza mfuko uko wapi, nikasema uko upande wa dereva, nitautupa nikimaliza kupima. Nilidhani atanigombeza kwa kuchezea gari. Alisema tu, "Huo usiutupe. Urudishe mahali pake." Sauti yake haikuwa ya kawaida. Akatoka huku ameshika ukuta.

Je, nipandishe pete ya nyuma kushoto? Au nisubiri jibu lako?

Kidonge


7 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Mwezi umepita. Mama anasema labda posta, mimi nasema labda kidole. Kimya kingi kina mshindo, na sitaki kuusikia mshindo wako kutoka kwa mtu mwingine. Kama nimekuudhi, niambie kosa langu nilijue.

Zimebaki wiki saba. Asubuhi baba alinipa mkono akidhani ni mama. Nimempeleka kwa daktari tena, nimeambiwa niendelee na matone. Sijagusa springi, kwa sababu hukuniambia niziguse. Najaribu kusikiliza kiti. Kiti kinaniambia sijui ninachofanya.

Tafadhali andika, hata kama ni matusi.

Kidonge wako


19 Oktoba

Mwanangu Kidonge,

Hukuniudhi. Barua yako ya Septemba ilifika baada ya siku tisa. Niliisoma nimesimama stoo, nikakaa juu ya tairi, na pale nilikaa mpaka mkuu wa karakana akaja kuuliza kama nimeumwa. Tangu siku hiyo nimeanza barua hii mara nne. Matusi sina. Laiti ningekuwa nayo, ningeandika upesi.

Ule mfuko ni mimi.

Nitakueleza, kwa sababu ulikuwa na miaka kumi na saba na wakubwa walikufungia mlango. Mimi na baba yako gari lile tulilijenga pamoja. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kushoto na kumsomea koni. Klabu ya mashindano iliruhusu abiria, na mpaka leo inaruhusu. Kwa hiyo nilipolipima, nililipimia watu wawili: yeye kulia kilo sabini na nne, mimi kushoto kilo sitini na moja. Miaka sita tulishindana hivyo. Mwaka wa mwisho nikamwomba raundi moja tu niendeshe mimi, mwenyewe, gari la mikono yangu. Watu walikuwa wamejaa. Akasema kwa sauti, wote wakasikia, "Gari hili lina dereva mmoja. Wewe ni fundi." Wakacheka.

Mimi nami sikumeza ulimi. Nilimwambia, "Basi kiti changu kiwekee mfuko wa mchanga, maana ndivyo unavyoniona." Nikachukua sanduku langu la vifaa, na kesho yake nikapanda basi.

Sasa sikiliza, wewe unayejua kupima. Kwenye mashindano yale mtu huvua mpaka saa mkononi apunguze gramu. Baba yako angeweza kuzungusha pete zile nusu siku, akalipanga gari kwa mtu mmoja, likawa jepesi na akashinda. Hata fundi mbovu angeweza kumsaidia. Hakuruhusu mtu aguse. Alishona mfuko kwa mkono wake, akapima mchanga mpaka ukafika uzito wangu, akaufunga mkanda, na miaka tisa akawa anaubeba kila kona na kushindwa. Nilidhani kuwa amenisahau. Nililia, mwanangu, nakuambia wazi kwa kuwa hunioni.

Ndiyo maana kona ya kushoto inakushinda. Ulipoutoa mfuko, upande wa kushoto ulipoteza mtu, na tairi la nyuma likakosa wa kulikalia. Pete hazina kosa. Ongeza kilo kumi na tatu kulia, rudisha sitini na moja kushoto, upime tena uone.

Ukitaka kuendesha peke yako, zipo njia mbili. Uzungushe pete, nami nitakuandikia namna. Au umrudishe yule abiria wa mchanga, uendeshe ulivyo. Chagua mwenyewe. Mimi siwezi kuchagua. Na mtu akikuuliza, sina sitini na moja tena. Kantini ya hapa imenifikisha sabini na tatu.

Shangazi yako


2 Novemba

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Kwanza namba, kwa sababu utaziruka salamu kuzitafuta: mbele kushoto 276, mbele kulia 282, nyuma kushoto 265, nyuma kulia 272. Nimejumlisha mshazari kwa mshazari, zimepishana kilo moja. Nilikaa chini sakafuni nikazitazama tu.

Sasa uketi. Baba amesomewa barua yako.

Sikukusudia. Nilikuwa mezani naisoma, naye akasikia karatasi. Akasema, "Soma kwa sauti. Anzia salamu." Nikasema ni barua ya kazini. Akasema, "Fundi mmoja tu hupiga chaki mistari mitatu. Wengine wote hupiga mmoja. Najua tangu Julai unayemwandikia. Soma." Nikasoma yote, hata pale pa watu kucheka. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, hakuiweka chini.

Nilipomaliza aliomba chai. Kisha akauliza, "Umesema ana kilo ngapi sasa?" Nikasema sabini na tatu. Shangazi, alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Mimi nilikuwa na sabini na nne. Gari halitajua tofauti." Bado sikuelewa, mimi na elimu yangu yote ya dawa, mpaka aliponigeukia: "Wewe una sitini na moja. Utakaa kushoto. Kulia atakaa mwenye gari."

Halafu akaniambia niandike haya kama alivyoyasema, nisiyapambe: "Nilisema neno baya mbele za watu. Nataka apite mbele za watu walewale akiwa ameshika usukani. Pete zile sikuzigusa kwa sababu nilijua nikizizungusha nitakuwa nimekubali kuwa harudi."

Nimeandika. Machozi hayo kwenye karatasi ni ya mama, anasoma begani kwangu bila aibu.

Utakuja?

Kidonge


10 Novemba

Kidonge,

Wazima wote, natumaini. Leo asubuhi nimepanda kwenye mizani ya mizigo ya karakana, wenzangu wakitazama. Sabini na tatu na nusu. Hiyo nusu ni woga.

Nimeomba ruhusa ya siku nne. Basi linafika tarehe 24 saa nane mchana. Usinipokee na maua, nipokee na pima maji. Pete mtu asiguse. Mwambie kaka yangu kuwa nakuja na helmeti yangu, yake ilikuwa inanuka.

Shangazi yako


3 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Nyumba imepoa tangu uondoke. Mama amepika tena chakula cha watu wanne na kusingizia mazoea. Umesahau sanduku lako la vifaa chini ya kitanda changu. Nililigonga kwa kidole cha mguu, kwa hiyo sasa sote wawili tuna vidole vyeusi. Niambie nilitume kwa basi gani.

Nakutana na watu dukani wanaomba dawa ya kikohozi, kisha wanauliza yule mama wa gari jekundu ni nani. Nawaambia ni shangazi yangu, fundi na dereva. Raundi ya kwanza, najua ile koni uliyoiangusha bado inakuuma, lakini wewe ndiye uliyesema mkono uliotulia miaka tisa haurudi kwa siku moja. Ya pili, tulipoingia ile kona ndefu ya kushoto, nilingojea tairi lilie. Halikulia. Nilisikia kitu kikinisukuma chini ya kiti, polepole, na kabla sijakielewa tulikuwa tumekwisha toka. Nadhani ndiyo siku niliyosoma gari kwa makalio. Wa nne kati ya kumi na tisa, hakuna koni, na baba akawa amesimama juu ya matairi yake ameinua mikono yote miwili.

Aliona, shangazi. Hilo ndilo ninalomshukuru Mungu asubuhi na jioni. Nilikuwa na hofu tumechelewa. Lakini saa yake ilisoma sekunde arobaini na nane nukta tatu, sawasawa na ya waamuzi. Asiyeona hawezi kubonyeza saa hivyo.

Kuna jambo moja nataka kujua. Nilipokwenda kuchukua karatasi ya muda, nyinyi wawili mlibaki kando ya gari. Niliporudi ulikuwa umemshika mkono. Nimemuuliza baba alikuambia nini, akasema, "Mambo ya mafundi."

Mwanao,
Kidonge


17 Desemba

Mwanangu Kidonge,

Marahaba, na salamu kwa mama yako. Mwambie chakula cha mtu wa nne asiache kukipika. Nimemwandikia mkuu wa karakana kuwa naondoka mwisho wa Februari. Sanduku sikulisahau. Nililiacha. Siku ile ya miaka tisa iliyopita niliondoka nalo ili nisiwe na sababu ya kurudi, na safari hii nimefanya kinyume chake.

Umeniuliza alichoniambia, naye aliniomba nisikuambie. Lakini nimekwisha kaa kimya miaka tisa juu ya jambo moja na nimeona faida yake.

Baba yako hakuona, mwanangu. Nilipozima injini alininyooshea saa yake, akasema, "Nisomee, sina miwani." Baba yako hajawahi kuvaa miwani. Nikamtazama machoni, naye hakunitazama mimi, alitazama sauti yangu ilipotokea. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu Oktoba rangi nyekundu haioni tena. Alibonyeza saa kwa masikio: injini ilipopanda, akaanza, breki zilipolia mwishoni, akafunga. Alisema, "Mtoto amefanya kazi miezi sita ili nione. Usimwambie amechelewa." Ndipo nikamshika mkono.

Kisha akaniambia, "Nisomee koni." Nikamsomea zote, moja moja, kama nilivyokuwa nikimsomea zamani: tatu za kupinda, lango, kushoto ndefu, breki. Alikuwa anageuza ngumi pajani kila nilipotaja. Kwenye kushoto ndefu alisema, "Hapo halikulia." Alijua. Uliporudi ndivyo ulivyotukuta.

Kwa hiyo usilie kuwa umechelewa. Lia kidogo ukitaka, kisha ufute uso, kuna kazi.

Gari lile limepangwa kwa dereva wa kilo sabini na nne na abiria wa sitini na moja. Hao walikuwa watu wengine. Mchanga umwage kwenye maua ya mama yako, mfuko niwekee. Fungua sanduku langu, spana yenye kulabu iko trei ya juu, ndiyo ya pete. Azima zile mizani nne tena, na uzisainie vizuri. Kisha keti kulia, wewe mwenyewe, na kaka yangu mkalishe kushoto. Mfunge mkanda. Yeye ndiye mzito sasa, kwa hiyo upande wake utashuka. Zungusha robo kwa robo mpaka mishazari ilingane. Atakuambia anajua, usimsikilize, yeye ni dereva tu.

Mkimaliza, Jumapili mpeleke uwanjani, umpitishe kwenye koni polepole mara mbili, halafu kwa kasi. Usimsomee. Kona ya kushoto ataihisi makalioni kabla yako.

Niandikie namba zote nne.

Shangazi yako